Sheli haiwashi mtandao

Wiki iliyopita, kwenye duka la jumla pale Nyakato, kijana ninayemfundisha kazi alimwambia mwenye duka: "Mayu, sheli ndiyo imezima mtandao." Mama wa watu akamkodolea macho. "Sheli ipi, ya Buzuruga?"

Mama sikumshangaa. Hapa Mwanza, kama Tanzania nzima, sheli ni mahali pa kujaza mafuta, hata kama bango la juu ni la kampuni nyingine kabisa. Aliyeniudhi ni kijana, na wala si kwa kumtupia mteja neno la kifundi. Sentensi yenyewe haina ukweli, na mwaka huu nimeisikia mara nyingi mno, kwa mafundi wenzangu na kwa vijana waliotoka chuo jana.

Maana niipitie haraka. Sheli ya kompyuta ni programu inayopokea amri zako kwa maandishi, inazichambua, inawaita wa kuzitekeleza, kisha inakuletea jibu. Skripti ya sheli ni faili lenye amri hizohizo zilizopangwa mstari kwa mstari, ili sheli izisome yenyewe wakati wewe umelala. Kiolesura cha mtandao ni mlango ambao data hupitia kuingia na kutoka kwenye mashine: wa waya, wa Wi-Fi, wa modemu. Ukiandika skripti ya kufungua na kufunga milango hiyo kwa zamu, umeshaendesha violesura bila mkono wa mtu. Basi.

Kazi iko kwenye jina. Neno la Kiingereza lililozaa "sheli", yaani shell, ni moja, lakini sisi tuna mengi: ganda la karanga, kaka la yai, kifuu cha nazi, gamba la kobe, kombe la baharini. Sheli ya mafuta ilitoka kwenye kombe. Kampuni ya Uingereza iliyosajiliwa kwa jina hilo mwaka 1897 ilianzishwa na Marcus Samuel, ambaye baba yake alikuwa akiuza makombe ya baharini jijini London. Sheli ya kompyuta ilitoka kwenye ganda. Aliyeipa jina ni Mfaransa Louis Pouzin, kati ya 1964 na 1965, akiwa Marekani katika chuo cha MIT, wakati mfumo ulioitwa Multics unapangwa. Kabla ya hapo alikuwa amekwisha kuandika programu iliyoitwa RUNCOM, ya kusoma amri kutoka kwenye faili na kuzitekeleza moja baada ya nyingine. Zile herufi mbili rc unazoziona mwishoni mwa .bashrc, faili la mipangilio la sheli iitwayo bash, ni masalia ya jina hilo. Kwa hiyo wazo la skripti lilitangulia, jina la sheli likafuata. Na kwa sisi wa mitandao kuna utamu zaidi: Pouzin huyohuyo alirudi kwao Ufaransa, na miaka ya 1970 akaongoza mradi wa CYCLADES, ambao mawazo yake kuhusu pakiti, yaani vipande vya data, zinazosafiri kila moja kivyake yaliingia katika misingi ya intaneti ya leo.

Sasa, kwa nini ganda? Kwa sababu ndani yake kuna kiini. Chukua karanga. Ganda ndilo unaloligusa kwa vidole, lakini chakula kiko ndani. Kwenye kompyuta, kiini (kernel, programu iliyo moyoni mwa mfumo) ndicho chenye mamlaka juu ya kumbukumbu, diski na kadi ya mtandao. Sheli imekaa nje, inaongea na binadamu. Wengi hupoteza hata hatua hii, wakadhani sheli ni lile dirisha jeusi lenye maandishi meupe. Lile ni dirisha tu, yaani terminali. Skripti inayoamshwa saa nane za usiku na cron, programu ya kuanzisha kazi kwa ratiba, hupewa sheli kamili bila dirisha lolote kufunguka.

Ukiandika ip link set enp3s0 up, yaani "fungua mlango wa waya uitwao enp3s0", watu hudhani sheli imewasha enp3s0. Sheli haijui enp3s0 ni nini. Kwake hizo ni herufi tu, ungeweza kuandika sangara isione tofauti. Inachofanya ni kutafuta programu inayoitwa ip, kuianzisha, na kuikabidhi maneno yaliyobaki. Programu hiyo ndiyo inayopeleka ombi kwa kiini kupitia njia iitwayo netlink, na kiini ndicho kinachoamua kama mlango upo, kama wewe una ruhusa, na kama utafunguliwa. Jibu hurudi kwa sheli kama namba: sifuri maana yake imefanyika, namba nyingine yoyote maana yake imeshindikana.

Panda daladala ya Igoma uangalie. Konda anaita abiria, anagonga bodi, anapaza sauti "twende". Gari likiondoka, hakuna anayesema konda ameendesha. Usukani anao dereva, na dereva akiona trafiki mbele hataondoka hata bodi ikigongwa mpaka ipinde. Sheli ni konda. (Najua ndani ya kiini nako kuna programu tunazoziita dereva, za kadi na za printa. Hao ni madereva wengine, tusichanganye.)

Turudi Nyakato. Kompyuta ya stoo ndiyo inayogawa intaneti kwa mashine za mauzo. Ina faiba, na ina modemu ya akiba. Kijana aliandika skripti ya kuitwa na cron kila dakika: ipime mtandao kwa ping, amri ya kuuliza mashine ya mbali kama inasikia; ping ikikosa majibu, mstari wa kwanza uwashe modemu, mstari wa pili uzime faiba. Miezi mitatu imefanya kazi vizuri na mimi mwenyewe niliisifia. Kisha modemu ikaungua, ikanunuliwa nyingine. Kwenye mashine ile, modemu ya USB hupewa jina linaloanza na enx likifuatiwa na tarakimu 12 za anwani ya kifaa chenyewe. Kifaa kipya, anwani mpya, jina jipya. Skripti ilibaki na la zamani.

Faiba ilipokatika, sheli ikasoma mstari wa kwanza. Kiini kikajibu kwamba kifaa cha jina hilo hakipo. Programu ya ip ikarudisha namba isiyo sifuri. Sheli ikaipokea, kisha ikaenda mstari wa pili kana kwamba hakuna kilichotokea, kwa sababu hakuna aliyeiambia isimame. Ikaomba faiba izimwe, kiini kikazima. Mafundi wa faiba waliporudisha huduma baada ya saa moja, mlango wa faiba ulikuwa umefungwa kwa ndani, na kila dakika skripti ilipima, ikakosa majibu, ikaomba ufungwe tena. Duka likashinda bila intaneti.

Hapo nani kazima mtandao? Aliyezima kwa mkono ni kiini. Aliyeagiza ni mwandishi wa skripti, ambaye kwa unyenyekevu wote ni kijana wangu, na mimi niliyeipitisha. Dawa ilikuwa alama mbili: kuweka && kati ya mstari wa kwanza na wa pili, ili faiba isiguswe kabla modemu haijakubali. Tena kuzima faiba hakukuhitajika kabisa. Ingetosha kubadili njia kuu kwa ip route replace na kuacha milango yote miwili wazi.

Ndiyo maana sipendi "sheli imezima". Anayesema hivyo huenda kukagua sheli, anaisakinisha upya, anabadilisha bash aweke zsh, sheli ya aina nyingine, na saa mbili baadaye bado hajatazama jina la kifaa. Kijana wangu alikuwa ameshaanza kupakua bash mpya kwa bando lake mwenyewe nilipofika.

Kwa hiyo, mdogo wangu, siku nyingine mwambie hivi: "Mayu, maagizo niliyoiandikia kompyuta yalikuwa na jina la modemu ya zamani, nimelibadilisha." Ni maneno machache tu, na hutaulizwa habari za Buzuruga.