Pocahontas hakuwa mchumba wa John Smith

Nafundisha historia, na kila likizo ikiisha nasikia maneno yaleyale kwa wazazi, hata kwa walimu wenzangu: ile katuni ya Pocahontas, binti wa wenyeji wa Marekani anayependana na Mwingereza John Smith, ni nzuri, inawafunza watoto kwamba mapenzi hayana rangi. Nimechoka kuwajibu mmojammoja.

"Pocahontas na John Smith walipendana." Hapana. Tuanze na umri, maana hesabu hiyo peke yake inatosha. Waingereza walipotia nanga Jamestown, Virginia, kwenye Marekani ya leo, Mei 1607, Pocahontas alikuwa mtoto wa miaka 10 au 11. Smith alikuwa askari wa miaka 27 aliyekwisha kupigana vita Ulaya. Filamu ya 1995 ilimpa mtoto huyo umbo la mwanamke aliyekomaa, ndipo mapenzi yakawezekana. Mzazi ambaye angeita polisi akisikia bintiye wa darasa la tano anafuatwa na mtu wa miaka 27 anakaa sebuleni kuishangilia hadithi hii. Watoto siwalaumu. Nawalaumu watu wazima wanaoirudia bila kuuliza.

Hapo hujibiwa: lakini si alimwokoa asiuawe? Aliyetueleza hivyo ni Smith mwenyewe. Alikamatwa Desemba 1607, akapelekwa Werowocomoco kwa Wahunsenaca, baba yake Pocahontas, mtawala wa makabila yapata 30. Katika taarifa iliyochapishwa 1608, mambo yakiwa bado mabichi, anasimulia alivyokaribishwa na kulishwa. Habari ya binti kukikinga kichwa chake na marungu haimo. Tunaisoma katika kitabu chake cha 1624, Pocahontas na baba yake wote wakiwa wamekwisha kufa. Wapo wanahistoria wanaodhani ilikuwa sherehe ya kumfanya Smith mtu wa kabila, naye hakuielewa. Kwangu mimi, ukimya wa 1608 una uzito zaidi.

Kinachoniuma hasa ni yale yaliyofuata, ambayo katuni hiyo haiyafikii. Smith alirudi Uingereza 1609 baada ya kuunguzwa na baruti, na vita kati ya walowezi na wenyeji vikapamba moto. Mwaka 1613 nahodha Samuel Argall alimlaghai Pocahontas apande melini, akamteka. Waingereza wakamtaka baba yake awarudishe watu wao, arudishe silaha na atoe mahindi. Akiwa mikononi mwao binti huyo alifundishwa dini na kubatizwa Rebecca, na Aprili 1614 akaolewa na John Rolfe, mlowezi mkulima wa tumbaku. Mwaka 1616 Kampuni ya Virginia, iliyoliendesha koloni hilo, ilimpeleka Uingereza ili watu wamwone na kuvutika kutia fedha zao katika koloni. Machi 1617, safari ya kurudi ikiwa ndiyo kwanza imeanza, alifariki Gravesend, Uingereza, na kuzikwa hukohuko, akiwa na miaka ipatayo 20 tu. Je, alimpenda Rolfe? Barua ya Rolfe ya kuomba ruhusa ya kumwoa tunayo. Ya Pocahontas hatuna hata mstari mmoja.

"Ubaya wote ulitoka kwa Gavana Ratcliffe." Huyo ndiye mtu mbaya wa katuni. Ratcliffe alikuwepo kweli, ila hakuwa gavana. Aliongoza baraza la walowezi kwa muda, na mwaka 1609 wenyeji walimuua alipokwenda kwao kutafuta chakula. Katuni inamtia minyororo, meli inaondoka, amani inarudi, na mtoto anabaki akiamini kwamba ukoloni ni uroho wa mtu mmoja. Wale watu walitumwa na kampuni yenye hati ya Mfalme James ya 1606, na nyuma yake walikuwepo wenye hisa waliotaka faida. Dhahabu waliitafuta kweli, hapo katuni haikukosea, lakini hawakuipata. Wakapata tumbaku, nayo huchosha udongo upesi na kudai mashamba mapya kila mara. Ardhi ya wenyeji ikatwaliwa kipande kwa kipande. Mwaka 1619 Waafrika zaidi ya 20 waliotekwa Angola wakafikishwa Virginia na kuuzwa.

"Walielewana kwa kusikiliza moyo." Walielewana kwa kujifunza lugha, na kazi hiyo walitwishwa watoto. Mwaka 1608 Thomas Savage, mvulana wa miaka kama 13, aliachwa kwa Wahunsenaca, naye kijana Namontack akachukuliwa na Waingereza.

Majabali na maporomoko yale ya kwenye katuni? Jamestown ni tambarare yenye vinamasi kando ya mto. Kosa hilo halinikoseshi usingizi.

Sisemi mwifiche filamu. Kabla ya kuiwasha, mwambie mtoto: huyu msichana alikuwa wa umri kama wako. Ikifika mwisho, usiizime ukaenda zako. Msimulie yaliyompata 1613. Watoto wa miaka minane wanaelewa vizuri sana maana ya kutekwa na kutenganishwa na baba.

Na yeyote akikwambia kwamba watu wale walikwisha, mkatalie. Wapamunkey na Wamattaponi, waliokuwa chini ya Wahunsenaca, wanaishi Virginia hadi leo katika ardhi zao wenyewe. Wapamunkey walikubaliwa rasmi na serikali kuu ya Marekani mwaka 2015, miaka 20 baada ya katuni hiyo kuonyeshwa.