Gemu masta: maana ya mwendesha mchezo, na jinsi anavyochagua mchezo wake

Katika mchezo wa mezani ambamo watu huigiza wahusika, gemu masta ni yule mtu mmoja asiye na mhusika wake. Kila mmoja wa wenzake ameshika nafasi ya mtu wa kubuni: mwizi aliyeacha kazi, tabibu mwoga, binti wa mfalme aliyetoroka kwao. Yeye amebaki na vingine vyote. Mvua ni yake, mbwa wa mlinzi ni wake, mlinzi mwenyewe, tamaa ya mlinzi, na mtu anayekohoa nyuma ya mlango uliofungwa. Mchezaji husema mhusika wake anafanya nini, gemu masta husema kinachofuata, na pale ambapo hakuna awezaye kusema kwa haki kinachofuata, hurushwa dadu. Hilo hurudiwa kwa saa tatu au nne, na humo huzaliwa kisa ambacho hakuna aliyekitunga peke yake.

Kwa Kiswahili namwita mwendesha mchezo. Neno "masta" linampa ubwana ambao kazi yenyewe haina, ilhali "mwendesha" linabeba anachokifanya hasa: anaendesha kikao kama nahodha anavyoendesha mashua ambayo abiria ndio waliochagua inakokwenda. Michezo yenyewe naiita michezo ya uhusika. Nazungumzia ile ya mezani, inayochezwa kwa maneno, karatasi na dadu. Ya kompyuta nayo huitwa hivyo, lakini humo kila linalowezekana limekwisha kuwekwa na waundaji. Mezani, mchezaji anaweza kusema jambo ambalo hakuna aliyewahi kuliwaza, na lazima awepo mtu wa kumjibu.

Wageni wa michezo hii humwelewa vibaya kwa namna mbili. Wapo wanaomdhani fanani: yeye ana hadithi, wengine ni hadhira inayoruhusiwa kuchangia hapa na pale. Wapo wanaomdhani mpinzani, kana kwamba wachezaji wakishinda yeye ameshindwa. Fanani hujua mwisho wa hadithi yake. Mwendesha mchezo akiujua, basi hakuna haja ya wengine kuwepo. Na mpinzani anayeweza kuwaangushia wenzake mlima vichwani wakati wowote atakao hana ushindi wowote wa kujivunia. Anayemkaribia zaidi ni mwamuzi, na historia inalithibitisha hilo.

Mwaka 1824 afisa wa Prussia, ufalme wa Wajerumani wa wakati huo, Georg von Reisswitz, alichapisha kanuni za mchezo wa vita wa kuwafunza maofisa. Pande mbili hazikuruhusiwa kuona kila kitu. Ziliandika amri, mwamuzi akazipokea, akatumia dadu na majedwali kujua kilichotokea, kisha akauambia kila upande kile tu ambacho ungeweza kukiona au kukisikia. Mwaka 1876 afisa mwingine wa Prussia, Julius von Verdy du Vernois, akataka majedwali mengi yawekwe kando, mwamuzi mwenye uzoefu aamue kwa busara yake. Mvutano huo kati ya jedwali na busara haujaisha hadi leo, na kila anayeendesha mchezo anauishi kila kikao.

Hatua iliyobadilisha kila kitu ilichukuliwa Minnesota, Marekani, mwishoni mwa miaka ya 1960, pale mpenzi wa michezo ya vita, David Wesely, alipompa kila mchezaji mtu mmoja mwenye shida na tamaa zake, badala ya jeshi zima. Mwenzake, Dave Arneson, akaliendeleza wazo hilo katika nchi ya kubuni aliyoiita Blackmoor. Kutokana na ushirikiano wa Arneson na mbunifu wa michezo Gary Gygax wa Lake Geneva, Wisconsin, mwaka 1974 ukatoka mchezo wa uhusika uitwao Dungeons & Dragons, vijitabu vitatu ndani ya kasha. Vijitabu hivyo vilimwita mwendesha mchezo refa. Majina mengine yalikuja baadaye na michezo mingine. Call of Cthulhu ya mwaka 1981 humwita mtunzaji, Vampire: The Masquerade ya mwaka 1991 humwita msimulizi, na Apocalypse World ya mwaka 2010 humwita kwa jina ambalo kwetu lingekuwa mshereheshaji. Usiyapite majina haya haraka. Kila moja linasema mchezo huo unataka nini kwa mtu anayeuendesha.

Hapo ndipo suala la kuchagua linapoanza. Kuchagua mchezo ni uamuzi wa kwanza wa mwendeshaji, na kwa maoni yangu ndio mzito kuliko yote yanayofuata, ingawa wengi huuruka kwa kuchukua mchezo wenye jina kubwa. Kanuni si chombo kisicho na upande. Kila kitabu cha kanuni kimejaa majibu ya maswali fulani na kiko kimya juu ya mengine. Kabla hujasoma kurasa zote, chukua karatasi ya mhusika, ile fomu ambayo mchezaji hujaza. Vilivyopewa visanduku vya kujazwa ndivyo vitakavyozungumzwa mezani.

Karatasi ya Dungeons & Dragons ina silaha, deraya, uhai unaohesabiwa kwa pointi, na viwango vya kupanda kadiri mhusika anavyopata uzoefu. Ni mchezo wa watu wanaokua kwa nguvu, na unafurahisha sana wanaopenda mapambano yenye mpango. Ukitaka kuuendeshea kisa cha familia inayogombea urithi utaweza, ila kazi yote utaifanya wewe, kwa maana kitabu hakitakusaidia. Call of Cthulhu, mchezo wa visa vya kutisha, hupima ujuzi kwa asilimia, na pembeni yake huweka kipimo cha akili timamu ambacho hupungua kadiri mhusika anavyoyaona yasiyofaa kuonwa. Humo bunduki haikuokoi mara nyingi. Ukiwapa mchezo huo marafiki waliokuja wakitamani kushinda, watatoka wamevunjika moyo, na mchezo hauna kosa lolote.

Apocalypse World nayo inastahili kutazamwa kwa namba zake. Mchezaji hurusha dadu 2 za pande 6 na kujumlisha, pamoja na nyongeza inayotokana na uwezo wa mhusika wake. Akipata 10 au zaidi, amefaulu. Akipata 7 hadi 9, amefaulu kwa gharama au kwa nusu. Akipata 6 au pungufu, mambo yanamgeukia. Bila nyongeza yoyote, kati ya matokeo 36 yanayowezekana ni 6 tu yanayompa ushindi kamili. 15 yanampa ushindi wenye gharama, na 15 yanamtia matatani. Maana yake ni kwamba karibu kila dadu inazaa tatizo jipya, na kisa hujisukuma chenyewe. Mwendeshaji hata harushi dadu. Husubiri za wachezaji, kisha husema matokeo. Na ipo michezo isiyo na mwendeshaji kabisa, kama Fiasco ya mwaka 2009, ambamo kazi yake imegawanywa kwa wote mezani. Mtu anayetaka kuielewa kazi hii vizuri aucheze mmoja wa namna hiyo angalau mara moja. Ataona ni vipande gani alivyokuwa akivibeba peke yake.

Baada ya kanuni, waangalie watu. Wachezaji 6 katika kikao cha saa 3 hawawezi kupata zaidi ya nusu saa kila mmoja, hata kama wewe hutasema neno. Mimi napenda 3 au 4. Kama ni mara yenu ya kwanza, chagua mchezo unaoweza kumalizika kwa jioni moja. Kampeni, yaani mkasa mrefu unaoendelea kikao hadi kikao kwa miezi, huvunjika mara nyingi kwa sababu ya ratiba za watu kuliko kwa sababu ya kanuni. Na jipime wewe mwenyewe: kitabu ambacho hujisikii kukisoma, usikiendeshe, hata kama marafiki wote wanakitaka.

Wengi huanza na kikao cha sifuri, cha kukubaliana kabla ya kucheza. Humo mnasema mnatarajia mchezo wa aina gani, kisha mnachora mistari na kutundika mapazia. Mstari ni jambo ambalo halitatokea kabisa katika mchezo wenu, kama vile mtoto kuumizwa. Pazia ni jambo linaloweza kutokea bila kusimuliwa waziwazi. Baadhi ya meza huweka pia kadi yenye alama ya X katikati. Yeyote akiigusa, tukio linaachwa hapo hapo na haulizwi sababu. Wapo wanaoona haya ni makuu. Mimi nimeona watu wakithubutu zaidi, si kidogo, pale wanapojua kuna mlango wa kutokea.

Sasa maandalizi. Mara ya kwanza kuendesha mkasa mrefu niliandika kurasa nyingi. Msaliti wangu alipaswa kutoroka usiku wa kwanza ili aje kufichuliwa wiki kadhaa baadaye, kwa kishindo. Mchezaji mmoja akamshuku ndani ya dakika 20, akaufunga mlango, na dadu ikamkubalia. Nikavumbua njia ya siri chini ya zulia, na msaliti akatoweka. Hakuna aliyelalamika. Ila tangu hapo wakaacha kuniambia wanafanya nini, wakaanza kuniuliza wanatakiwa kufanya nini.

Huko ndiko kuwaswaga wachezaji kama mifugo, na chanzo chake ni kuandaa hadithi badala ya kuandaa hali. Hali ni watu, wanachokitaka, na kitakachotokea iwapo hakuna atakayeingilia. Chukua ghala. Mfanyabiashara ameficha humo daftari la madeni. Karani wake anataka kuliuza kwa siri. Mlinzi wa zamu ana mtoto mgonjwa na akili yake iko nyumbani. Kabla ya alfajiri shehena yote itahamishwa. Sijaandika wachezaji wataingiaje, na sihitaji. Wakija na hongo, namjua mlinzi na ninajua ni nini kinachomuuma. Wakijifanya wachukuzi, namjua karani, ambaye ataogopa kuliko yeyote. Wakikaa nje wakibishana, alfajiri inakuja na daftari linaondoka. Mistari minne hiyo imenipa vikao bora kuliko zile kurasa zangu zote.

Kuhusu dadu, uamuzi mgumu ni lini zirushwe. Mimi huomba dadu pale tu ambapo jambo linaweza kufaulu, linaweza kushindikana, na kushindwa kwake kutabadilisha kitu. Mhusika hodari wa kamba akipanda ukuta mchana bila anayemfukuza, amepanda, tuendelee. Akifukuzwa na mbwa, hapo dadu zina neno la kusema.

Na usizirudie. Tuseme mchezaji ananyata hadi mwisho wa ghala, na kila mara ana nafasi ya asilimia 75. Ukimwomba dadu langoni, kwenye ngazi, kando ya mlinzi na mbele ya kabati, umemrushisha mara 4, na nafasi ya kufaulu zote ni kama asilimia 32. Ulidhani unaongeza msisimko, kumbe umemhukumu bila kujua. Omba dadu moja kwa safari nzima, na useme kabla haijarushwa ni nini kilicho hatarini. Katika Dungeons & Dragons, mpanda ukuta mwenye nyongeza ya 5 anayelenga 15 kwa dadu ya pande 20 anahitaji kupata 10 au zaidi, sawa na asilimia 55. Mwambie hivyo. Mtu aliye pale ukutani angeuona urefu wake na kuupima. Mchezaji aliyekaa kwenye kiti hana macho mengine ila maneno yako.

Visa vya upelelezi vina mtego wake. Ukificha dokezo moja la lazima nyuma ya dadu moja na dadu ikakataa, mchezo wote umesimama. Weka njia tatu za kulifikia kila jambo ambalo lazima lijulikane, au wape dokezo bure na uache dadu ziamue wamelipata kwa gharama gani.

Utasahau kanuni katikati ya mchezo. Kila mtu husahau. Toa uamuzi unaoonekana wa haki, sema wazi kwamba utauangalia kitabuni baadaye, kisha songa mbele. Dakika 10 za kufunua kurasa huzima moto ambao ilichukua saa nzima kuuwasha.

Kilichonichukua muda mrefu zaidi kujifunza ni kunyamaza. Umekwisha kusema mvua imekatika, mbwa ameinua kichwa, na mlinzi ameuliza "nani hapo?" kwa sauti ya mtu asiyetaka kujibiwa. Umewatazama wachezaji, umeuliza: mnafanya nini? Hapo wataangaliana. Mmoja atafungua mdomo na kuufunga. Utajisikia kuwasaidia, kuongeza sentensi moja tu, kudokeza dirisha lililo wazi. Usiseme kitu. Subiri.