Mkate wa Wazuni ni mkate gani huo?

Wazuni ni wenyeji wa asili wa Marekani, wanaishi magharibi mwa jimbo la New Mexico karibu na mpaka wa Arizona, na lugha yao haina undugu na lugha nyingine yoyote inayojulikana. Sasa ukisikia "mkate wa Wazuni" ujue kuna mikate miwili hapo, na watu huwa wanaichanganya, maana ule unaopigwa picha sana siyo ule wa kale.

Wa kale ni wa mahindi, wenyewe wanauita he'we. Mara nyingi ni mahindi ya bluu, na zamani yalisagwa kwenye mawe yaliyopangwa mstari, la kwanza la kuparaza, la mwisho laini, unga unahamishwa jiwe hadi jiwe mpaka uwe mlaini kabisa, wanawake wamepiga magoti wanasaga huku wanaimba. Unga unakorogwa uwe uji mwepesi, unatiwa na majivu kidogo, hayo ndo yanafanya rangi ya bluu ikolee. Chini ya jiwe bapa lililosuguliwa mpaka linang'aa kuna moto, mpikaji anachota uji kwa vidole anapitisha kiganja juu ya jiwe mara moja, swaa! Unabaki utando mwembamba, muda mfupi tu umeiva anaubandua anaukunja. Hakuna mwiko wala upawa hapo, ni mkono mtupu kwenye jiwe la moto, kama hujazoea usijaribu.

Na jiwe lenyewe siyo la kuokota tu. Frank Hamilton Cushing, Mmarekani aliyeenda kuishi nao mwaka 1879 na baadaye akaandika sana kuhusu chakula chao, anasema wakati wa kulipasha na kulipaka utomvu wa msonobari wanawake walikuwa wananong'ona tu, wakiamini makelele yatalipasua.

Mkate wa pili ni wa ngano, na ngano imekuja na Wahispania. Mgeni wa kwanza kutoka kwao kufika kwa Wazuni alikuwa Mwafrika, Estevanico, mtumwa mzaliwa wa Azemmour kule Moroko, alifika 1539 na akauawa hukohuko, mwaka uliofuata ndo jeshi la Wahispania likiongozwa na Coronado likaja. Hata ile tanuri ya nje mnayoiona kwenye picha, ya mawe na udongo, imevimba kama kichuguu, ni ya Wahispania, nao waliipata kwa Waislamu wa Afrika Kaskazini waliotawala kwao. Ila ukimwambia Mzuni leo kwamba huo siyo mkate wake atakushangaa, na mi naona ana haki, karne ngapi hizo wanaoka.

Uokaji wake uko hivi: unga unakandwa na chachu iliyobakizwa, unaachwa usiku kucha uumuke. Kuni zinawashwa ndani ya tanuri yenyewe mpaka ziishe, makaa yanakokolewa nje, sakafu inafagiliwa kwa matawi mabichi yaliyoloweshwa. Halafu wanajaribu joto, wanarushia unga kidogo ndani, ukiungua haraka basi bado kali, wanasubiri. Mikate inaingizwa kwa koleo refu la mbao, mdomo wa tanuri unazibwa, na hapo moto haupo tena, kinachoivisha mkate ni joto lililobaki kwenye kuta.

Kazi kubwa inakuja kwenye Shalako, sherehe yao ya mwanzo wa majira ya baridi, pale nyumba mpya au zilizokarabatiwa zinapobarikiwa na kila anayeingia lazima ale, kwa hiyo familia zenye zamu zinaoka mikate kwa lundo. Kabla ya kula, kipande kidogo cha chakula kinatupwa motoni, hiyo ni sehemu ya wahenga. Siku za kawaida mkate wa tanuri unauzwa hata kwa wapita njia, he'we ndo ya kubahatisha, siku hizi haipikwi ovyo.