Saba Saba: Tarehe Moja, Kumbukumbu Tofauti

Muulize Mtanzania Saba Saba, yaani 7 Julai, ni nini, atakutajia viwanja vya maonyesho ya biashara vya Barabara ya Kilwa, Dar es Salaam, foleni ya daladala, na watoto wanaovutwa mkono kutoka banda hadi banda. Muulize Mkenya aliyekuwa Nairobi mwaka 1990, atakutajia mabomu ya machozi. Kwa kuwa jina ni moja, wengi hudhani asili nayo ni moja. Sivyo.

Dhana iliyozoeleka Tanzania ni kwamba Saba Saba ni sikukuu ya biashara. Maonyesho yalikuja baadaye. Tarehe 7 Julai 1954, Dar es Salaam, chama cha TAA (Tanganyika African Association) kiligeuzwa kuwa TANU (Tanganyika African National Union), chama kilichoongoza kudai uhuru wa Tanganyika, Mwalimu Nyerere akiwa rais wake. Na hapa pana kosa jingine: kudhani Mwalimu alianza peke yake, bila msingi wowote. Waasisi walikuwa 17, na TAA yenyewe ilitokana na chama kilichoanzishwa mwaka 1929. Si haki kuwasahau wale wengine.

Siku ya Kiswahili Duniani nayo haikuangukia 7 Julai kwa bahati. UNESCO ilipoitangaza Novemba 2021, ilikumbuka jinsi TANU ilivyokifanya Kiswahili chombo cha kudai uhuru.

Ya Kenya ni habari nyingine kabisa, wala kule si siku ya mapumziko. Kenneth Matiba na Charles Rubia, waliowahi kuwa mawaziri, waliitisha mkutano uwanja wa Kamukunji, Nairobi, Jumamosi ya 7 Julai 1990, kudai vyama vingi. Serikali ikaupiga marufuku. Siku tatu kabla, wote wawili walikamatwa na kuwekwa kizuizini bila kufunguliwa kesi. Watu walikwenda vivyo hivyo, wakiinua vidole viwili, ishara ya vyama vingi. Polisi wakawatawanya kwa mabomu ya machozi na risasi. Ghasia zikadumu siku kadhaa, zikafika hadi miji mingine, na watu wasiopungua 20 wakapoteza maisha.

Wapo wanaosema vyama vingi vilipatikana siku ile. Hapana. Kifungu cha 2A, kilichoingizwa katika Katiba mwaka 1982 kuifanya Kenya nchi ya chama kimoja, kilifutwa Desemba 1991. Kufikia hapo Matiba alikuwa ameshapatwa na kiharusi akiwa kizuizini, na afya yake haikumrudia tena kikamilifu.