Tarehe ya kwenye kopo na gunia la stoo

Wiki iliyopita wifi yangu alinitumia picha ya makopo manne ya maharage, akiwa ameshayapanga kando ya pipa la taka. "Wifi, yameisha muda tangu mwezi uliopita, si sumu haya?" Kazi yangu ni kupima ubora wa vyakula vya viwandani, na swali hilo nimelijibu harusini, msibani na hata ndani ya daladala, kwa hiyo leo ninaliandika ili safari ijayo nimtumie mtu maandishi na kuendelea na chai yangu.

Tarehe za kwenye lebo ni za aina mbili. "Tumia kabla ya" huhusu usalama, nayo iheshimiwe bila mjadala. Maziwa ya unga ya watoto wachanga nayo yasitumike baada ya tarehe yake, kwa kuwa virutubisho vilivyoahidiwa hupungua. "Bora kabla ya" huhusu ladha, rangi na umbile, na ndiyo iliyo kwenye vyakula vingi vikavu na vya makopo. Codex, yaani kanuni za kimataifa za vyakula, hazilazimishi hata kuweka tarehe hiyo kwenye siki, chumvi isiyotiwa madini joto na sukari isiyoongezwa virutubisho. Kwa bahati mbaya lebo nyingi huandika herufi tatu tu, EXP, na msomaji huelewa kwamba usiku wa siku hiyo chakula hugeuka sumu.

Ungamo langu ni hili: tarehe yenyewe ni makadirio. Mara nyingi bidhaa huwekwa kwenye kabati la joto, tuseme nyuzi 40, kwa wiki kadhaa, kisha tunapiga hesabu ya namna itakavyokuwa baada ya miezi mingi katika joto la kawaida. Hesabu hiyo huchukulia kwamba joto huharakisha kila badiliko kwa uwiano mmoja, jambo ambalo si kweli hasa kwa mafuta, na sijawahi kusaini ripoti ya bidhaa yenye karanga nikiwa na amani kamili. Isitoshe, kabati letu halijui kwamba katoni itashinda juani mbele ya duka la bati Dar es Salaam.

Kwa hiyo, mchele mweupe na tambi zilizokaa pakavu hazina neno. Maharage makavu ya zamani hugoma kuiva, na magadi kidogo huyalainisha. Hamira ijaribu kwenye maji ya uvuguvugu yenye sukari. Isipotoa povu, imekufa. Dona huwahi kuharibika kuliko sembe kwa sababu kiini cha mahindi chenye mafuta kimo ndani yake. Kopo lililovimba, linalovuja au lililobonyea kwenye maungio litupwe bila kuonjwa, hata kama tarehe yake ni ya mwakani.

Kinachonikera ni kwamba stoo ya wifi huyohuyo, hatua sita kutoka kwenye pipa lile, ilikuwa na gunia la mahindi yenye punje za kijani kibichi na kijivu, nalo alikuwa akilichekecha apate ya kusaga. Gunia halina tarehe, kwa hiyo halimtishi mtu. Ukungu ule ndio huzaa sumukuvu (aflatoksini), ambayo haina harufu, haina ladha, wala haiondoki kwa kusonga ugali. Mwaka 2004 mashariki mwa Kenya watu 317 waliugua kwa mahindi ya namna hiyo na 125 wakafariki. Mwaka 2016 balaa hilo likafika Dodoma na Manyara. Wale wanaosema "nusa tu, pua haidanganyi" wamekosea kama wanaoabudu tarehe.

Kuchambua punje mbovu hupunguza sumu, tena kwa kiasi kikubwa, ila sithubutu kusema huimaliza. Maabara nayo si malaika: punje chache huweza kubeba sehemu kubwa ya sumu ya gunia zima, hivyo sampuli ikizikosa, cheti hutoka safi. Ndiyo maana ninaamini zaidi ukavu wa mahindi kabla hayajahifadhiwa. Chukua chupa kavu, tia mahindi na chumvi kavu, tikisa, kisha acha yatulie. Chumvi ikinata kwenye kioo, mahindi bado ni mabichi na yarudi juani, juu ya turubai, si ardhini.

"Basi tuwape kuku," akasema kaka yangu. Sumukuvu iligunduliwa baada ya bata mzinga zaidi ya 100,000 kufa Uingereza mwaka 1960 kwa chakula chenye mashudu ya karanga, kwa hiyo nilikataa, na gunia likafukiwa. Maharage ya kopo tuliyala jioni ileile kwa chapati. Kaka bado ananidai bei ya gunia.