Tozo ya wageni: halmashauri inavyoipanga, na nani anailipa

Anayelala hotelini Edinburgh, mji mkuu wa Scotland, usiku wowote kuanzia tarehe 24 Julai 2026, anakuta kiasi cha ziada kwenye bili yake: asilimia 5 ya bei ya chumba. Fedha hiyo si ya hoteli wala haiendi serikali kuu. Ni ya halmashauri ya jiji. Hiyo ndiyo tozo ya wageni, ambayo wengi huiita kodi ya watalii: malipo ambayo halmashauri inamtoza mtu anayelipia malazi ya muda katika eneo lake, yakikusanywa na mwenye malazi.

Si watalii peke yao wanaoilipa. Aliyekuja kwenye mkutano au harusi analipa, na hata mkazi wa Edinburgh akichukua chumba cha hoteli mjini kwake analipa pia. Anayefikia kwa shangazi yake halipi chochote, kwa sababu hakuna malazi yaliyouzwa.

Sababu ya kuwapo kwa tozo hii haiko kwenye utalii, iko kwenye mgawanyo wa mapato. Edinburgh ina wakazi nusu milioni hivi. Mwezi Agosti, msimu wa matamasha, mitaa inafurika watu: taka zinaongezeka, vyoo vya umma vinazidiwa, njia za mjini kati hazipitiki. Mkazi anachangia gharama hizo kwa kodi ya nyumba anayoilipa halmashauri. Mgeni naye anatoa kodi, maana kila anachonunua kina VAT, ila VAT hiyo inakwenda hazina London. Jiji linabaki na mzigo, hazina inabaki na fedha. Kwa maoni yangu, hoja hii peke yake inatosha kuitetea tozo, hata kabla hujaanza kuzungumzia msongamano.

Hata hivyo, madiwani hawawezi kukaa kikao kimoja na kuanza kutoza. Lazima pawe na sheria inayowapa mamlaka. Scotland ilitunga sheria hiyo mwaka 2024, ikiitaka kila halmashauri iwashirikishe kwanza wafanyabiashara na wananchi, kisha isubiri angalau miezi 18 tangu uamuzi hadi siku ya kwanza ya kutoza. Edinburgh iliamua Januari 2025, ndiyo maana tozo ikapangiwa Julai 2026. Manchester, Uingereza, haikuwa na sheria ya aina hiyo mwaka 2023, ikapita njia nyingine: wenye hoteli wenyewe walipiga kura kuunda eneo maalumu la kuendeleza biashara, na kuanzia tarehe 1 Aprili wageni wakaanza kutozwa pauni 1 kwa chumba kwa usiku.

Mjadala mkubwa zaidi huwa kwenye kiwango. Kuna kiasi kilekile kwa kila mtu, na kuna asilimia ya bei. Mwaka 2019 Edinburgh ilikuwa na wazo la pauni 2 kwa chumba kwa usiku. Chukua chumba cha pauni 40: pauni 2 hizo ni asilimia 5 ya bei. Chukua cha pauni 400: ni nusu ya asilimia moja. Mwenye kipato kidogo anabeba uzito mara kumi ya tajiri. Ukiweka asilimia 5, wa kwanza anatoa pauni 2 na wa pili anatoa 20. Tena bei za vyumba zikipanda, tozo inapanda nazo bila madiwani kurudi kikaoni. Naona asilimia ndiyo haki, na Amsterdam, inayotoza asilimia 12.5 tangu 2024, imeonyesha kwamba asilimia hiyo inaweza kupandishwa sana.

Lakini kiasi kilekile kina urahisi ambao si wa kupuuzwa. Sheria ya Scotland inasema tozo ikokotolewe kwenye malazi tu. Kifungua kinywa na maegesho ya gari vinatolewa. Hoteli kubwa ina programu ya kuvitenganisha. Mama mwenye vyumba vitatu, anayeuza kitanda na chai kwa bei moja, tena kupitia wakala wa mtandaoni anayekata kamisheni yake, anabaki na hesabu ngumu kila usiku. Wales, katika sheria yake ya 2025, ilichagua kiasi kilekile: pauni 1.30 kwa mtu kwa usiku, na pungufu ya hapo kwa hosteli na kambi za mahema.

Baada ya kiwango huja ukomo. Edinburgh inatoza usiku tano tu za mfululizo. Ukikaa wiki nzima kwenye chumba cha pauni 100, unalipa pauni 25, si 35. Pendekezo la awali lilikuwa usiku saba. Likapunguzwa kwa kuwafikiria wasanii na wafanyakazi wa matamasha, ambao hukaa muda mrefu na wengi wao hawana fedha nyingi.

Mwenye malazi ndiye wakala wa ukusanyaji. Anamtoza mgeni, anawasilisha ritani, yaani taarifa ya makusanyo, kwa halmashauri, anapeleka fedha. Edinburgh inamwachia asilimia 2 ya alichokusanya kufidia usumbufu.

Kisha ni matumizi, na hapa ndipo wananchi wanapaswa kukazia macho. Jiji linatarajia hadi pauni milioni 50 kwa mwaka. Sheria imeziwekea uzio: zitumike kwa huduma ambazo kwa sehemu kubwa ni za wageni au zinatumiwa na wageni, na halmashauri itoe taarifa kila mwaka ya kilichopatikana na kilichofanyika. Maneno hayo ni mapana. Njia gani ya miguu katikati ya jiji haikanyagwi na mgeni? Taarifa ya mwaka isiposomwa na mtu, uzio huo ni wa karatasi.

Tozo ya usiku haimgusi anayekuja asubuhi na kuondoka jioni. Venice, Italia, ambayo mji wake wa kale una wakazi wasiofika 50,000, ilianza tarehe 25 Aprili 2024 kuwatoza wageni wa kutwa euro 5 katika siku 29 zilizochaguliwa. Wanaolala Venice hawakutozwa euro hizo, kwani tayari wanalipa kodi ya malazi. Zilipatikana takriban euro milioni 2.4, na mwaka 2025 siku zikaongezwa hadi 54, na anayechelewa kujisajili akalipa euro 10. Umati haukupungua kwa namna ya kuonekana. Mtu aliyelipia ndege hadi Italia harudishwi na euro 5.

Afrika Mashariki tuna malipo mengi yanayofanana na tozo hii. Dola 200 kwa siku ambazo kaunti ya Narok humtoza mgeni wa kigeni Maasai Mara kuanzia Julai hadi Desemba ni kiingilio cha hifadhi. Asilimia 2 inayokatwa hotelini Kenya huenda kwenye Mfuko wa Utalii wa taifa. Dola 44 za Zanzibar, zilizoanza Oktoba 2024, ni bima ya safari. Ndugu wa karibu zaidi ni ushuru wa nyumba za kulala wageni ambao halmashauri za Tanzania hukusanya kutoka kwa wenye gesti. Huo nao unamfuata mtu anapolala na unabaki kwa halmashauri, ila huingia kapu moja la mapato ya ndani pamoja na ushuru wa soko na stendi, na aliyelala gesti hana pa kuuliza fedha yake imejenga choo gani.