Chakula cha jioni cha wawili nyumbani: anza na saa ya kula, kisha rudi nyuma

Chakula cha wapendanao mara nyingi huharibika kabla hakijaonjwa: mmoja anahangaika jikoni, mwingine yuko mezani peke yake akitazama simu. Ndiyo maana mimi huchagua vyakula kwa sharti moja. Tangu mnapoketi hadi kitindamlo, mpishi asisimame jikoni zaidi ya dakika 10 kwa jumla. Sharti hilo linafuta vyakula vya kukaanga, tambi za kuchemsha dakika ya mwisho, na chochote ambacho hujawahi kukipika.

Mpango unaofaa hata kwa mpishi wa kawaida ni saladi baridi, mapaja ya kuku na viazi katika trei moja ya oveni, na vikombe vya chokoleti. Kabla ya kununua chochote, muulize mwenzako kama kuna chakula kinachomdhuru au asichokula kabisa.

Kazi huanza siku moja kabla. Chukua mapaja 4 yenye mfupa na ngozi, yapanguse yakauke, yapake chumvi laini kijiko 1 cha chai kwa kila gramu 500, uyaweke kwenye rafu ya chini ya friji, ngozi juu, bila kufunika. Chumvi inapata muda wa kuingia ndani ya nyama, na hewa baridi inakausha ngozi. Ngozi ikiingia ovenini na unyevu, hutokota badala ya kukauka, na hapo hata moto mkali hauisaidii.

Chokoleti nayo itengeneze siku hiyohiyo. Katakata gramu 100 za chokoleti nyeusi vipande vidogo kabisa, pasha mililita 120 za krimu nzito hadi ianze kutoa mapovu pembeni, imimine juu ya chokoleti, subiri dakika 1, kisha koroga polepole kutoka katikati. Krimu ikichemka kwa nguvu, mafuta hujitenga na mchanganyiko unakuwa na chembechembe. Ongeza kijiko cha maziwa ya uvuguvugu ukoroge tena, kwa kawaida hurudi. Gawa katika vikombe 2 vidogo. Siku ya kula vitoe frijini nusu saa kabla ya kuviandaa, maana chokoleti baridi sana huwa ngumu na ladha yake hujificha.

Sasa hesabu ya saa. Tuseme mnaketi saa 2:00 usiku. Saa 1:00, chemsha gramu 350 za viazi vilivyokatwa vipande vya sentimita 3 kwa dakika 8, umwage maji, uviache vikauke kwa mvuke wake. Saa 1:10 washa oveni nyuzi 200 za Selsiasi. Saa 1:30 ingiza trei: viazi vimepakwa mafuta, kuku juu yake, ngozi ikitazama juu. Usivisonge, kwani vikibanana hutoa mvuke na hakuna kinachopata rangi. Nusu saa inayobaki ni ya kuoga na kuvaa, na msiikate kwa sababu ya kupamba meza. Meza ipambwe mchana.

Saa 2:00 mnakula saladi. Mchanganyiko wake ni vijiko 2 vya chakula vya mafuta ya zeituni kwa vijiko 2 vya chai vya maji ya limau, na chumvi kidogo. Umwagie wakati wa kuketi tu. Chumvi huvuta maji kwenye majani na yakikaa robo saa yamelegea. Saa 2:10 toa trei. Kipimajoto kikichomwa penye nyama nene bila kugusa mfupa kisome angalau nyuzi 74. Paja huwa laini zaidi likifika 80 na kitu. Hamishia kuku na viazi kwenye sahani bila kufunika, punguza mafuta kwenye trei, mimina mililita 80 za maji ya moto, kwangua yaliyoganda, kamulia nusu limau. Huo ndio mchuzi wenu.

Kuhusu meza, nina msimamo mkali juu ya mambo mawili. Mshumaa wa manukato usikaribie chakula, kwa sababu unashindana na harufu ya kuku. Na mkae kwenye kona ya meza, si kutazamana kama kwenye usaili wa kazi. Taa ya dari izimwe, iwashwe taa ndogo ya mwanga wa manjano. Maua yasizuie macho. Punguza utambi wa mshumaa hadi milimita 5 hivi na uuweke mbali na feni. Mwali unaoyumba ndio unaotoa moshi. Muziki uwe wa saa 3 mfululizo, usio na matangazo katikati.

Mwenzako akichelewa na kuku tayari ameiva, shusha oveni hadi nyuzi 80 na umwache humohumo bila kumfunika. Mapaja huvumilia nusu saa hivi; kidari kingekuwa kimekauka. Saladi bado haijamwagiwa kitu, kwa hiyo haina neno.